Mngoni Aliyesema kwa Sauti Yangu

Mie si mtu wa safari. Wenzangu wamefika Mombasa, wamefika Kampala, wengine walikwenda vitani Bama na jeshi wakarudi na kofia na kikohozi. Mwisho wangu mie ulikuwa shuleni, ng'ambo ya pili ya mji, na kila Ijumaa alasiri nilirudi Temeke kwa miguu kama mbuzi anayekijua kigingi chake. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na mizizi badala ya miguu, na kwamba akinitaka hana haja ya kuniita, aangalie tu barazani.

Huko shuleni ndiko nilikoambiwa kwamba nina lafudhi. Kabla ya hapo nilidhani lafudhi ni maradhi ya watu wa bara. Kumbe wavulana wa Unguja na wa Tanga wakinisikia nikisoma kwa sauti walikuwa wakishikana mabega kwa kicheko. Walisema Kiswahili changu kina udongo wa Uzaramo kwenye kucha. Nilijitetea kwa silaha moja tu niliyokuwa nayo: nikajifunza kuwaiga. Nilimwiga wa Unguja, nikamwiga wa Tanga, nikamwiga na mwalimu mkuu Mwingereza, ambaye kila akisema "jambo" ungedhani ana kiazi cha moto mdomoni. Nilimaliza shule na cheti kimoja na vinywa vinne.

Cheti kilinipatia ukarani bandarini. Kazi ile niliiweza kwa miezi minne, nikachoka na kutembea. Nikatoa meza ya mama barazani, nikanunua wino, nikawa mwandishi wa barua. Waliokuja ni wageni watupu: Wanyamwezi, Wamakonde, Wapogoro, Wayao, kila mtu na salamu zake za kupeleka kwao. Wakisema nilikuwa naandika. Wakiondoka nilikuwa nawaiga, na baraza zima linalia kwa kucheka. Sikuona ubaya. Nilichofanyiwa shuleni nilikuwa nakigawa tu, kama mtu anayegawa sadaka ya wizi.

Huyu Mngoni alikuja msimu wa masika, vita kuu ya pili ilipokuwa imekwisha na askari wamerudi. Alikuja na sanduku la mbao kichwani, akapiga hodi, akamwambia mama anatafuta chumba, "habali za hapa, mama, nimetoka Songea." Mama alianza kucheka kabla hajatua sanduku. Si kwa sababu ya ile habali. Ni kwa sababu Wangoni ni watani zetu sie Wazaramo, na mtani akija mwenyewe mpaka mlangoni ni kama embe lililodondokea kikapuni.

Msiokuwa na watani niwaeleze kidogo. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kuchota mchuzi wako sufuriani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika ndiyo umeshindwa. Lakini siku ukifa, huyo huyo ndiye anayeshika jembe. Anashuka kaburini akajilaza, anasema shimo hili halimtoshi bwana huyu, tumbo lake kubwa. Anamwiga marehemu anavyotembea, anavyosema, mpaka mama wa marehemu anacheka na machozi yanamtoka. Kazi ya mtani ni hiyo. Uchafu wa msiba anaubeba yeye, kwa sababu yeye hadhuriki nao.

Mama akampa chumba cha uani, karibu na jiko. Mngoni alikuwa anafanya kazi ya kupasua mbao, kule njia ya Pugu. Kwenye msumeno ule mrefu mmoja husimama juu ya gogo na mwingine husimama shimoni chini yake, na yeye alikuwa wa chini. Jioni alikuwa anarudi na unga wa mbao mpaka kwenye kope. Alikuwa na lafudhi nzuri kwa mtu wa kazi yangu. Kila palipo na ra aliweka la, na mwisho wa kila sentensi sauti yake ilikuwa inapanda kidogo, kama mtu anayechungulia juu ya ua. Wiki ya kwanza tu nilikuwa nimeshamweka mfukoni. Jumapili nikamwigiza mbele yake, barazani, watu wamejaa.

Hakukasirika. Alisubiri wamalize kucheka, kisha akaniuliza taratibu kama naweza kumfundisha kusema kama sie. Hakutaka kuzeekea shimoni, akasema. Alitaka kuuza kanga, kupita nyumba kwa nyumba, na wanawake wa mji huu hawanunui kitu kwa mtu wanayemcheka.

Nilikubali kwa masharti ya utani: kosa moja, kitu kimoja. Akisema "balabala" nilikuwa nachukua kijiko chake. Akisema "lafiki" ulikwenda mkanda. Mwezi wa kwanza alikuwa anakwenda kazini na suruali iliyofungwa kamba ya katani, na kandambili moja ya mpira wa gari. Nyingine ilikuwa chini ya kitanda changu. Mama alinigombeza. Mngoni mwenyewe ndiye aliyenitetea, akamwambia amwache huyo, mtani wake.

Alijifunza kwa kunitazama mdomo, vile mtu anavyoutazama wembe wa kinyozi. Kila jioni. Nilikuwa nasema, anasema. Nasema tena, anasema tena. Nilidhani namfundisha maneno ya Temeke, mie na sie na nyie, nilikuwaga na nilifanyaga, lakini mwalimu alikuwa mmoja tu, na mwanafunzi wa mwalimu mmoja huchukua mpaka kikohozi chake. Alichukua kufyoza kwangu. Alichukua kile kijivuto cha pumzi ninachokivuta kabla ya kusema uongo. Alichukua "sasa sikiliza" yangu, ambayo naianza nayo hata nikitaka tu chumvi. Baada ya mwaka na nusu sikuwa na kitu cha kumnyang'anya, na mama alikuwa akiitwa kutoka uani anajibu jina langu. Alikuwa anakuja mpaka mlangoni na mwiko mkononi, anamkuta Mngoni, anasema, "Aa, kumbe ni weye." Tulikuwa tunacheka. Wakati mwingine alifanya makusudi, akamwagiza mama aniwekee ugali mdogo, kwa sauti yangu, na mama akaniwekea mdogo.

Akatoka shimoni. Akapata kanga za kuuza kutoka kwa mwenye duka mmoja, akawa anashika njia ya Keko mpaka Chang'ombe na bunda begani. Wanawake walimpenda. Wakimuuliza kwao, anasema Mbagala, ndani ndani huko. Mwanzoni ilikuwa mzaha wetu, kwani alikuwa ananikonyeza. Baadaye alikuwa anasema bila kukonyeza. Akikaa barazani siku za mapumziko na mgeni akaja kuandikiwa barua, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwiga, tena kwa ukali kunishinda mie. Nilicheka pamoja na wenzangu. Lakini nilikuwa nasikia kitu, kama unavyosikia panya darini usiku wa mvua, hujui ni panya au ni mvua.

Barua za kwao nilimwandikia mie, miaka miwili ya mwanzo, moja kila baada ya miezi michache, kwa mama yake. Yeye alikuwa anasema kwa maneno yake, mie nayasafisha. Kisha akaacha. Nilipomuuliza akasema ataandika akiwa na la kusema. Mtu aliyekuwa akisema kutwa nzima.

Siku ninayoihesabu mie ni moja, miaka kama kumi na minane tangu apige hodi kwetu. Alasiri, tunacheza bao. Yeye ameketi mbele yangu, kete mkononi, bunda la kanga pembeni. Akaja kijana mmoja, mtu mzima tayari, mavumbi mpaka magotini, jua la alasiri linampiga usoni. Akasalimu vizuri. Akasema anamtafuta Mngoni mmoja wa Songea, ndugu yake, mtoto wa shangazi yake. Ndugu huyo alipoondoka nyumbani, yeye kijana alikuwa bado ananyonya, hamjui sura, lakini ametumwa na shangazi, na ameambiwa anakaa mitaa hii. Akataja jina. Hakukuwa na mtu barazani asiyelijua jina lile. Mwenye nalo alikuwa amekaa na kete mkononi.

Nilimtazama nikasubiri ainuke. Hakuinua macho kwenye bao.

"Sasa sikiliza, bwana," akasema. "Hapa hakuna Mngoni. Hapa sie wote wa hapa hapa. Jaribu Ilala."

Baraza likaangua kicheko, maana kila mtu alidhani ni utani wa dakika moja, na kwamba sasa hivi ataruka amkumbatie. Mie nilicheka kuliko wote. Yule kijana naye akatabasamu, kama mtu aliyekosea nyumba anavyotabasamu, akasema asanteni, akageuka. Mngoni akacheza kete yake. Akala tatu. Nilisikia hatua zikienda, nikajiambia akifika kwenye ule mnazi ataitwa. Akaupita mnazi. Mie nilikuwa na kinywa, tena vinne, na jina la mtu yule lilikuwa mdomoni kwangu. Sikusimama. Nimeshasema kuhusu miguu yangu. Ni mzaha mzuri, nimeutumia miaka mingi.

Magharibi nilimfuata chumbani. Alikuwa anakunja kanga, upya, zile zile zilizokwisha kukunjwa. Akasema kesho atamfuata Ilala. Kesho yake akaenda Chang'ombe. Nilipomuuliza tena siku ya nne au ya tano, aliniangalia.

"Ungemwita weye," akasema. "Ulikuwa hapo."

Hatukulizungumza tena. Mwaka haukutimia, homa ikamshika.

Iliingia kwa kutetemeka, kama zote, na sote tulidhani itatoka kama zote. Mama alimkanda maji siku tatu. Mie nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Watu husema mtu akikaribia kwenda hurudia lugha ya mama yake, na mie nilikuwa naisubiri hiyo. Nilijiambia likitoka hata neno moja la Kingoni nitajua kwamba bado kuna mtu pale wa kupelekwa kwao, na nitaandika barua siku hiyo hiyo. Halikutoka. Alikuwa anaweweseka kwa Kiswahili cha Temeke, analumbana na wanawake juu ya rangi za kanga, anafyoza, anasema sasa sikiliza, dada, sasa sikiliza. Mama alikuwa anakamua kitambaa. Akanitazama mie, mdomo wangu umefungwa; akamtazama yeye. Akaweka kitambaa chini.

"Funga dirisha," akaniambia. "Watu wasisikie. Watadhani ni weye unayekufa."

Tulimzika sie watani, kama inavyopasa, upande wa Mtoni, chini ya mikorosho. Jembe lilishikwa, mwanandani wa kaburi ukachimbwa, kisha vijana wakasimama wananitazama, maana kila mtu alijua kwamba kumwiga huyu ni kazi yangu. Lakini utani wa msiba unachezewa wafiwa, na mfiwa hakuwepo hata mmoja. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu: ili nimwige nilihitaji tu kufungua mdomo. Nikasema jino linaniuma. Wakafukia.

Barua ya kwao niliandika siku ya tatu, kwa Kiswahili safi.

Mama yake alikuja baada ya miezi mitatu, kwa malori, kwa miguu na kwa malori tena. Alikuwa mwanamke mfupi, kaniki imemfika kwapani, fimbo mkononi, na nyuma yake yule kijana wa siku ile, mtoto wa kaka yake. Mie nilikuwa ndani. Nilimsikia kwanza.

"Habali zenu, wanangu. Tumefika kwenye msiba wetu."

Ilikuwa ile sauti. Ile la palipo na ra, ile ya kupanda mwishoni kama mtu anayechungulia juu ya ua. Ile niliyomnyang'anya mtu kidogo kidogo, kijiko, mkanda, kandambili, mpaka ikaisha, na hapa ilikuwa mlangoni kwetu nzima nzima. Na ulimi wangu, mniwie radhi, ukaanza kuwasha kutaka kuiiga. Ndivyo ulivyokuwa. Nikauma kidole.

Mama akatandika mkeka, akamshika mikono, wakalia kidogo kama wanawake waliojuana. Nikatoka nikatoa shikamoo kwa sauti ya chini. Akaniita mwanangu. Nikamletea sanduku la mbao na bunda la kanga zilizobaki, kisha nikaenda chumbani nikaleta na kile kijiko, na mkanda, na kandambili, nikaviweka kwenye mkeka bila kueleza. Alivipanga mbele yake kwa mstari. Kandambili aliigeuzageuza, akatazama ndani pale kidole kilipochimba shimo. Akatikisa kichwa akasema ndiyo, mguu huu naujua.

Akasema hakuja kwa ajili ya vitu. Mtoto kufa ni kazi ya Mungu, na kaburi linaweza kukaa popote. Amekuja na swali moja, amelibeba njia nzima, na akilipata jibu lake atarudi akalale.

"Mwaka jana nilimtuma mtu kumtafuta," akasema. "Nataka kujua, mwanangu alijua kama nilimtafuta?"

Mama yangu alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwepo siku ile ya bao, alikuwa ndani anapepeta mchele. Niliona mabega yake yakipanda.

Yule kijana tangu aingie alikuwa anatazama baraza letu, nguzo, lile bao lililoegemezwa ukutani. Akasema, "Shangazi, ni hapa. Nyumba ni hii. Nilifika hapa hapa, nikaambiwa hakuna Mngoni."

Yule mama hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mie, anangoja. Nikavuta pumzi.

"Sasa sikiliza, mama," nikaanza.

Kijana akasimama. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea.

"Ni huyu. Sula sikuishika, jua lilikuwa machoni. Lakini sauti ni hii hii, shangazi. Sauti hii nimelala nayo mwaka mzima."

Mama yangu akafumbua mdomo pale kizingitini. Nilijua atakachosema, kwa kuwa ni mkweli na hajui kunyamaza mwanawe akisingiziwa. Nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikawahi.

"Ni mie," nikasema. "Mwanao alikuwa kwenye biashara yake, hakuwepo. Mie nilikuwa natania. Nilidhani nitamwambia akirudi, tucheke. Sikumwambia."

"Siku ile hukumwambia?"

"Wala siku nyingine."

"Basi hakujua."

"Hakujua, mama."

Aliachia pumzi ndefu, ikatoka na kitu kilichokaa humo muda mrefu. Nikaona uso wake ukilainika, pale machoni na kwenye mashavu, ukawa wa mama ambaye mwanawe hakumkataa. Ulidumu hivyo kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha akanitazama tena, na sikuwa mwanawe tena. Tangu hapo mpaka anaondoka hakuniita hivyo. Kijana alikuwa amekunja ngumi. Shangazi yake, nusu ya urefu wake, alimshika pindo la shati.

"Kaa chini," akamwambia. "Mtani hapigwi."

Mama yangu alifunga mdomo. Aliingia ndani, nikasikia anasogeza vyungu ambavyo havikuwa na haja ya kusogezwa.

Alasiri ilipopoa nikawapeleka makaburini. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda, na ni mwendo wa robo saa. Nikamwonyesha kaburi, akaniambia kwa mkono nisimame mbali, njiani, na kijana naye akae kando. Akaketi kwenye mchanga, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika kwake. Akaanza kusema. Alisema Kingoni, muda mrefu, bila kulia, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwanawe habari za nyumbani. Ng'ombe aliyezaa, nadhani, na nani ameoa. Sijui. Mara mbili alininyooshea kidevu, na kila mara alinyamaza kidogo baadaye, kama unavyonyamaza ukimpisha mwenzio aseme.

Alipomaliza akajifuta mchanga, akaja pale nilipokuwa.

"Nimemwambia nilimtuma mtu," akasema. "Na nimemwambia ni wewe uliyemludisha. Nimemwomba asikukasilikie, wewe ni mtani wake. Amesikia."

Ilipasa nimshukuru. Nilimwinamishia kichwa, mdomo nimeubana kwa meno, maana yule pale chini ya mikorosho alijua vizuri ni nani aliyesema, na sauti ya kujibu tulikuwa nayo moja.